Ratiba Isiyo na Mgongano

Jamhuri ya Shwari si mbali. Ukifika mahali ambapo watu wanakujibu "nzuri" kabla hujawauliza habari, ujue umeshavuka mpaka. Nchi yetu ina kila kitu ambacho nchi inapaswa kuwa nacho. Ina wimbo, ina bendera, ina barabara ya lami kutoka uwanja wa ndege hadi Ikulu, na ina Chuo Kikuu kizuri ambacho kwa miaka mingi kilisumbuliwa na tatizo moja tu, nalo ni wanafunzi.

Bi Tabitha Ndekwa alikuwa akipanga ratiba za vipindi katika chuo hicho. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila somo linapata mwalimu, kila mwalimu anapata ukumbi, na ukumbi mmoja haupewi madarasa mawili kwa wakati mmoja. Ni kazi inayomfanya mtu achukiwe na wasomi wote bila upendeleo. Wahandisi walitaka vipindi vya asubuhi, wanasheria walitaka vya asubuhi, na watu wa falsafa walitaka kwanza waelezwe asubuhi ni nini. Bi Tabitha aliwasikiliza wote, akawaudhi wote kwa kiasi, na mwanzoni mwa kila muhula ratiba ilibandikwa ubaoni, watu wakaenda kusoma.

Hayo yalikuwa kabla Mlezi Mkuu wa Taifa hajaamua kusoma na yeye.

Mlezi alikuwa na shahada za heshima nyingi kuliko kuta za kuzitundika. Lakini siku moja mwandishi wa habari wa kigeni, mtu asiye na malezi, alimuuliza hizo shahada alizisomea wapi. Mwandishi aliondoka nchini siku hiyohiyo kwa sababu za kiafya, ila swali lake likabaki. Ndipo serikali ikatangaza kwamba Mlezi amejiunga na mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu kusomea Shahada ya Hekima ya Jumla. Katika tangazo hilohilo ikataja na tarehe ya mahafali yake, wananchi wajiandae mapema.

Waraka ulipofika chuoni, Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Domisiani Kihuga, aliusoma akiwa amesimama wima. Ulisema kwamba wakati Mlezi anafundishwa, mtu mwingine yeyote asifundishwe, kwa kuwa huenda akaelewa jambo kabla ya Mlezi, na kumtangulia kiongozi ni kosa. Ulisema pia kwamba saa za masomo ya Mlezi ni siri ya taifa.

Kazi hiyo kwanza alipewa mkuu wa kitengo, Bwana Sengondo. Alipanga ratiba, akaipeleka Usalama, ikaonekana haina mgongano hata mmoja. Wakaja kumchukua, maana mtu hawezi kuikwepa siri kwa ustadi namna ile kama haijui. Mpaka leo anaulizwa alijuaje, naye mpaka leo anajibu kwamba alibahatisha, jibu ambalo limeifanya kesi yake kuwa nzito zaidi.

Basi Profesa Kihuga akamwita Bi Tabitha.

"Kwa hiyo natakiwa nipange vipindi visigongane na vipindi nisivyovijua," alisema Bi Tabitha baada ya kusomewa.

"Hasa," alisema Profesa. "Wewe umeelewa haraka. Wengine niliowasomea waliomba maji ya kunywa."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umemgonga Mlezi."

"Na nikipatia?"

Profesa alikitazama kiti cha Bwana Sengondo kupitia dirisha, kikiwa kitupu katika ofisi ya ng'ambo, na koti lake bado limening'inia mgongoni mwa kiti. "Mungu akusaidie usipatie sana," alisema.

* * *

Ofisa wa Usalama wa chuo alikuwa Kapteni Shilinde, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aliyependa kumkaribisha mgeni chai kabla ya kumtisha. Bi Tabitha alimpelekea ratiba ya kwanza. Kapteni aliipitishia kidole taratibu, akaikunja.

"Kuna mgongano," alisema.

"Kipindi gani, Kapteni?"

"Bi Tabitha, nikikwambia kipindi gani, utajua saa gani."

"Sasa nitauondoaje?"

"Ndiyo maana kazi hii tumempa msomi. Ongeza sukari."

Bi Tabitha alirudi ofisini akahamisha hisabati kuipeleka mchana na historia kuileta asubuhi. Ikarudi. Akaunganisha kilimo na uhasibu katika ukumbi mmoja, mwalimu mmoja akisema na mwingine akinyamaza kwa zamu. Ikarudi. Akawapeleka wanasheria Jumapili. Makasisi wakalalamika, wanasheria wakafurahi kwa kuwa hawakuwa na nia ya kuhudhuria, na ratiba ikarudi vilevile, safi, imekunjwa vizuri, na neno "mgongano" limeandikwa pembeni kwa mwandiko mzuri wa Kapteni. Wakati huo wanafunzi walikuwa wameshafungua muhula. Waliamka, wakaoga, wakabeba madaftari, wakaja kusimama mbele ya ubao wa matangazo usio na tangazo, kisha wakarudi mabwenini.

Akaanza kukonda. Alikuwa akila huku anazungusha vyumba kichwani, na akisali anajikuta anamwomba Mungu ukumbi wa watu mia mbili. Hatimaye akaona njia. Alitoa vipindi vyote vya Jumanne, aone kama Jumanne ndiyo yenye matatizo.

Safari hii Kapteni hakumkaribisha chai.

"Umeondoa Jumanne," alisema. "Kwa nini Jumanne?"

"Nilikuwa najaribu tu, Kapteni. Nikiondoa siku mojamoja, nitaona ipi..."

"Utaona nini?"

Bi Tabitha akaanza kuikunja ile ratiba.

"Dada yangu," Kapteni alisema kwa upole, "kutoijua siri hii ni uzembe, na kuijua ni uhaini. Mimi nakuheshimu. Ila unavyoendelea hivi, unaelekea kwenye uhaini kwa hatua ndogondogo, na mimi ndiye nitakayeandika."

Bi Tabitha alitoka pale. Alifika ofisini, akachukua karatasi ya ratiba yenye siku na saa zake, haina somo hata moja, haina mwalimu, haina ukumbi. Akaitia sahihi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya kuacha kazi, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuandika nyingine. Akampa tarishi aipeleke Usalama, akaanza kufungasha vikombe vyake.

Ratiba ilirudi imepigwa mhuri. Hapakuwa na mgongano.

Profesa Kihuga aliizindua mwenyewe mbele ya jumuiya nzima ya chuo. "Ndugu wanataaluma," alisema, "vyuo vikongwe duniani vimehangaika karne kwa karne na tatizo la vipindi kugongana. Shwari tumelimaliza. Msiuone utupu huu mkadhani ni upungufu. Huu ni utupu ulio tayari. Ni utupu wenye nafasi kwa wote." Watu wakapiga makofi. Ratiba ikawekwa kwenye fremu ya kioo getini, wageni wakawa wanapiga nayo picha, na Bi Tabitha akapewa cheti cha ubunifu, akafungua tena vikombe vyake.

* * *

Mtu pekee aliyekuja kuilalamikia ratiba hiyo alikuwa Mwalimu Adelina Kasogwa, mkunga mzee aliyekuwa akifundisha ukunga tangu chuo kikiwa mabanda. Alikuwa anastaafu mwisho wa muhula, na hapakuwa na wa kumrithi. Darasa lake la mwaka wa mwisho lilibakiza somo moja tu, somo la dharura za uzazi.

"Tabitha," alisema akikaa bila kukaribishwa, "hawa wasichana wangu wanajua kumpokea mtoto anayekuja vizuri. Anayekuja vizuri hata bibi yake anampokea. Sijawafundisha mama akianza kutoka damu wafanye nini. Nikiondoka sijawafundisha, ni kama sikufundisha kitu."

"Mwalimu, huoni hali ilivyo? Nikiandika kipindi kimoja tu, ratiba inarudi."

"Niweke hata chini ya ngazi."

"Ngazi nayo ina saa zake."

Mwalimu Adelina hakuondoka. Alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliye zamu. Na Bi Tabitha alijua kwa nini haondoki, maana yeye mwenyewe kwao ni Lukole. Lukole kuna hospitali ya wilaya yenye rangi mpya na kibao kikubwa, lakini mkunga wa mwisho alistaafu akaondoka na mkasi wake. Kila Jumapili mama yake Bi Tabitha alimpigia simu, na baada ya habari za mvua na za kuku, alimtajia nani amezikwa. Mara nyingi alikuwa mwanamke, na mara nyingi alikuwa amekwenda kujifungua. Katika darasa la Mwalimu Adelina kulikuwa na msichana mmoja wa kulekule Lukole, Enesia, aliyekuwa ameshaandikiwa barua ya kupangiwa hospitali hiyo. Lukole nzima ilijua jina lake. Kuna wanawake waliokuwa wakihesabu mimba zao kwa kuangalia kama zitamkuta Enesia amefika.

Bi Tabitha akauchukua ule waraka akausoma tena, safari hii kwa kukata tamaa, na mtu aliyekata tamaa husoma mpaka maandishi madogo. Mwishoni kabisa palikuwa na kifungu kinachosema kwamba katazo halitahusu mazoezi ya kwaya za kumtukuza Mlezi, kwa kuwa katika mazoezi hayo hakuna anayejifunza jambo jipya.

"Mwalimu," alisema, "unajua kuimba?"

"Kanisani naambiwa nisogee nyuma."

"Basi kuanzia kesho wewe ni mwalimu wa kwaya."

* * *

Kwaya ya Ukumbi wa Anatomia ilianza mazoezi siku iliyofuata, na ratiba, kwa kuwa kwaya si kipindi, ikabaki tupu na safi kama ilivyozinduliwa. Wasichana walijifungia humo na mwanasesere wa kitambaa mwenye tumbo la kufunguka, na ndani ya tumbo mfuko mwekundu wa uzazi ulioshonwa na Mwalimu Adelina kwa mkono. Ili mtu akipita nje asikie kinachopaswa kusikika, kila alichokifundisha alikitia katika wimbo. Sauti yake ilikuwa mbaya kweli. Ile ya Enesia ilikuwa nzuri, ikawa ndiyo inayotangulia.

*Ita wenzio, usiwe peke yako,*
*mama akivuja, usiwe peke yako.*

*Mfuko ukilegea, damu itakwisha,*
*sugua, sugua, mpaka ukaze.*

*Mtoto anyonye, kibofu kiwe tupu,*
*sugua, sugua, mpaka ukaze.*

*Sindano pajani, usicheleweshe,*
*mtoto akitoka, nayo iingie.*

Bi Tabitha alipata kuchungulia mara kadhaa. Aliwaona wakiimba huku mikono yao ikikandamiza kile kitambaa chini ya kitovu, wakikosea, wakirudia, jasho linawatoka. Kwa mara ya kwanza tangu waraka uje, alikula akasikia ladha ya chakula.

Siku moja mlango ukafunguliwa na Kapteni Shilinde akaingia. Mwalimu Adelina alikuwa ameinama juu ya mwanasesere, mkono wote umezama tumboni. Wasichana hawakuacha kuimba, maana kuacha kungekuwa kukiri. Kapteni alivuta kiti, akakaa, akasikiliza beti zote nne kofia ikiwa magotini. Bi Tabitha, aliyekuwa amesimama dirishani, alisogea akasimama kando ya mwanasesere.

"Huyu aliyelala ni nani?" Kapteni aliuliza.

"Taifa," alisema Bi Tabitha.

"Na huo mfuko?"



"Mfuko wa Taifa," alisema Bi Tabitha. "Ukilegea, uchumi unavuja."

Kapteni aliitikia kwa kichwa taratibu. Alimtazama yule mwanasesere kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mwalimu Adelina na mkono wake. "Wanaimba vizuri," alisema. Akavaa kofia, akatoka, na kwenye taarifa yake akaandika hivyohivyo, kwamba chuoni kuna kwaya na inaimba vizuri.

Hilo ndilo lililowaangamiza.

* * *

Siku ya mahafali Mlezi Mkuu alivaa joho lililoshikwa nyuma na mawaziri. Alikuwa mhitimu peke yake, kwa kuwa wengine wote hawakuwa na kipindi walichosoma. Matokeo yalimwonyesha kuwa wa kwanza katika darasa lake. Alikuwa pia wa mwisho, lakini magazeti yalichagua nafasi moja. Mhadhiri wake alikaa mstari wa mbele. Inasemekana muhula mzima Mlezi ndiye aliyekuwa akisema na mhadhiri ndiye aliyekuwa akiandika.

Kisha kwaya ikaitwa, kwa amri iliyokuja asubuhi hiyo. Haikuwa na wimbo mwingine. Enesia alitangulia na wenzake wakapokea, na kwa mazoea mikono yao ikawa inasugua hewa.

Mlezi alisimama. Wote wakasimama.

"Hii," alisema, "ndiyo hotuba ya bajeti niliyokuwa naingoja kwa mawaziri wangu tangu niingie madarakani. Mfuko ukilegea, ukazwe. Nani kati yenu aliwahi kuniambia?" Waziri wa Fedha aliinamisha kichwa. "Mtoto anyonye, maana yake vijana wapewe fursa. Sindano ni hatua kali. Na kibofu kiwe tupu, mnakijua kibofu ni nani. Ni hao wapinzani. Wamejaa, wanabana, lazima wamwagwe."

Watu walicheka na kupiga makofi mpaka mikono ikawawasha. Papo hapo Mlezi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kwaya ile ni Kwaya ya Ikulu, wasichana wote watahamia Ikulu na kuimba asubuhi anapoamka na jioni anapolala, na wimbo wao utapigwa redioni kila siku kabla ya taarifa ya habari, kila raia akiufuatisha. Mabasi yalikuwa yanangoja nje. Wasichana walipandishwa, majoho yao ya kwaya ya kuazima yakiwa bado mwilini. Enesia alitoa kichwa dirishani akamtafuta mwalimu wake, lakini Mwalimu Adelina alikuwa amekaa chini kwenye majani nyuma ya jukwaa na hakuweza kunyanyuka.

Bi Tabitha alikimbia mpaka kwa Profesa Kihuga, aliyekuwa bado anavua kofia yake ya mahafali.

"Profesa, wale si wanakwaya. Ni wakunga. Hospitali za wilaya zinawasubiri. Nchi hii yote haina wengine."

"Wakunga?" alisema Profesa. "Walisoma ukunga kwenye ratiba ipi?"

Bi Tabitha akageukia getini. Ratiba ilikuwa pale getini, kwenye fremu, ina sahihi yake.

Akaenda kwa Kapteni Shilinde, akamwambia yote, mwanasesere, waraka, kila kitu, akanyoosha mikono afungwe. Kapteni alimmiminia chai akamsogezea.

"Nilijua," alisema. "Nina watoto, Bi Tabitha. Mke wangu alinusurika kwa mkono wa Mwalimu Adelina. Ubeti wa pili nilianza kuhisi, wa tatu nikajua kabisa. Uchumi hauna kibofu."

"Sasa kwa nini uliwaandika?"

"Niliandika kwamba wanaimba vizuri. Nilidhani watapewa soda." Alikitazama kikombe chake. "Ukisema sasa kwamba wimbo ule ni wa uzazi, utakuwa umesema Mlezi hakuuelewa. Hapo hawatakufunga wewe peke yako. Watawafunga na wale wasichana, na mzee wa watu yule. Kunywa chai."

Akainywa. Ilikuwa imepoa.

* * *

Basi wimbo ukaanza kupigwa redioni. Shuleni watoto waliuimba mstarini, sokoni wachuuzi waliacha mizani wakaimba, na askari walipita wakiangalia nani anasugua hewa na nani anajifanya. Lukole nako uliimbwa. Enesia aliwekewa godoro Ikulu pamoja na wenzake, akawa anaimba asubuhi na jioni, na katika saa zilizobaki haruhusiwi kutoka, sauti isije ikapata mafua.

Jumapili moja mama yake Bi Tabitha alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo redio yenu imetufaa."

"Imewafaaje?"

"Mke wa Gidioni alijifungua juzi, damu ikaanza. Tulikuwa wanawake tupu pale, hatuna tunalolijua. Binamu yangu akasema, mbona kama ule wimbo. Tukaitana. Tukasugua chini ya kitovu mpaka pakawa pagumu kama wimbo unavyosema, mtoto tukamweka titini. Damu ikakatika. Yuko nje hapo anaanika nepi."

Bi Tabitha aliweka simu mezani, akalia mpaka akaishiwa, kisha akaichukua tena. Mama yake bado alikuwa anaongea habari za kuku.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na habari za kuku.

"Subilaga tumemzika jana," alisema mama. Subilaga alikuwa binti wa jirani, aliyecheza uani kwao tangu akiwa mdogo. "Tulifanya yote, mwanangu. Tuliitana, tukasugua, tukapokezana mikono ilipochoka. Mtoto akanyonya. Ubeti wa tatu tukaumaliza. Tukafika ule wa nne, wa sindano, tukakwama hapo. Tulikwenda hospitali, mlinzi akafungua kabati, ndani mna picha ya Mlezi. Tukaurudia wimbo. Tulidhani labda tumeuimba vibaya."



"Wewe uko karibu na hao wakubwa," mama aliendelea. "Waulizie tu, kwa adabu. Hiyo sindano tunayoiimba kila asubuhi, redio inaileta lini?"

Bi Tabitha alisema ataulizia. Na kweli, kwenye kikao cha chuo kilichofuata, mbele ya Profesa Kihuga na wageni kutoka wizarani, alinyoosha mkono akauliza, kwa maneno yaleyale ya mama yake, na kwa adabu.

Muhula huu ratiba inapangwa na mtu mwingine, ambaye wamehakikisha kwanza kwamba hana ndugu Lukole.